Illiers-Combray: kijiji kilichojiongezea jina la kijiji cha kutunga

Ukitoka Paris stesheni ya Montparnasse ukapanda treni mpaka Chartres, kule kwenye lile kanisa kubwa lenye minara miwili isiyofanana, halafu ukabadilisha ukaingia treni ndogo ya mkoani, baada ya kama kilomita 25 kuelekea kusini magharibi unafika kwenye kamji kamoja ka watu 3,000 na kidogo. Mashamba ya ngano, kanisa katikati, uwanja wa soko, bekari, basi. Stesheni imeandikwa Illiers-Combray. Sasa hako kamstari kanakounganisha hayo majina mawili ndo kana stori nzima, maana Illiers ni jina la kijiji cha kweli kilichokuwepo enzi na enzi, ila Combray ni kijiji cha kwenye riwaya, kuna mtu alikitunga akiwa amelala kitandani kwake Paris, na mwaka 1971 kijiji cha kweli kikabadili jina rasmi, kwa baraka za serikali, kikajiunganisha na kile cha kutunga.

Mtu mwenyewe ni Marcel Proust, na riwaya ni À la recherche du temps perdu, tuseme tu kwa haraka "Kuutafuta wakati uliopotea", juzuu saba, ya kwanza ilitoka 1913 na ya mwisho 1927 wakati mwandishi ameshakufa tangu 1922. Huo mwaka 1971 ilikuwa miaka 100 tangu azaliwe. Kubandika jina la mwandishi kwenye mji si jambo geni Ufaransa, kuna Ferney-Voltaire karibu na mpaka wa Uswisi, kuna mji unaitwa Descartes kabisa kwa sababu mwanafalsafa alizaliwa pale, lakini huko wamebandika jina la mtu aliyekula na kulala. Illiers haikujiita Illiers-Proust. Ilichukua jina la mahali ambapo huwezi kupakuta kwenye ramani yoyote ya eneo lile, na ukitaka kucheka zaidi, Ufaransa ipo Combray ya kweli, kakijiji kadogo sana kule Normandie ambako na hii riwaya hawahusiani kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "Combray ndo Illiers?" jibu la watu wengi ni ndiyo, vitabu vya watalii vinasema ndiyo, bango linasema ndiyo. Mimi nasema ngoja kwanza, kuna mafundo humu ya kufungua moja moja, na lingine Proust alilifunga kwa makusudi kabisa.

Tuanze na nani kwao ni Illiers. Siyo Marcel. Marcel kazaliwa Auteuil, pembeni ya Paris, tarehe 10 Julai 1871, kwenye nyumba ya baba mdogo wa mama yake. Aliyetoka Illiers ni baba yake, Adrien Proust, mtoto wa muuza duka pale pale uwanja wa soko karibu na kanisa, duka la vyakula na mishumaa na vikorokoro vya nyumbani. Adrien alikuwa kichwa, akasoma Chartres, akaenda Paris, akawa daktari mkubwa, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, mtu wa karantini, mwaka 1869 alisafiri mpaka Urusi na Uajemi kufuatilia njia inayopita kipindupindu kuja Ulaya. Yaani ile stori ya kijana wa dukani aliyetoka kijijini akarudi na suti. Mama yake Marcel, Jeanne Weil, alikuwa Myahudi wa Paris, familia yenye hela, na Illiers kwake ilikuwa ukweni tu.

Marcel alikuwa anapelekwa Illiers likizo, hasa Pasaka na kiangazi, kuanzia umri wa kama miaka sita mpaka tisa. Halafu mwaka 1881 akapata shambulio la kwanza la pumu, baada ya matembezi kwenye msitu wa Boulogne Paris, na kuanzia hapo shamba, vumbi la maua na hewa ya kijijini vikawa hatari kwake. Alirudi Illiers mwaka 1886 dada wa baba yake alipofariki, na ndo hivyo. Ukijumlisha zote ni wiki kadhaa za utoto, na kutoka hizo wiki kadhaa dunia nzima ya wasomaji inaamini jamaa kakulia pale.

Na alivyoshindwa kukanyaga shamba ndo akaliandika kwa uchungu. Kuna vile vichaka vya miba vinavyotoa maua meupe na ya pinki mwezi wa tano, Wafaransa wanaviita aubépine, kwenye riwaya mtoto anasimama mbele yake dakika nzima anavinusa, anaviaga kama ndugu. Mwandishi wa hayo maneno ukubwani alikuwa akitaka kuona miti imechanua anapelekwa na gari, vioo vimefungwa, anaangalia kwa ndani.

Fundo la pili mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu Kiswahili kinalifungua kirahisi kuliko Kifaransa chenyewe. Mtu maarufu kabisa wa Combray ni "tante Léonie", mama mmoja mgonjwa (au anayejisikia mgonjwa, hilo tuliache) ambaye tangu mume wake afariki aligoma kwanza kutoka Combray, halafu akagoma kutoka nyumbani, halafu akagoma kutoka chumbani, mwisho kitandani. Kitanda kiko dirishani, anaangalia barabara siku nzima, akipita mbwa asiyemjua anamuita mfanyakazi wake Françoise wajadili huyo mbwa ni wa nani. Kila mtaa una mtu huyu. Wasomi wanasema Léonie ametokana na Élisabeth Amiot, yule dada wa baba yake Marcel, aliyeolewa na mfanyabiashara wa vitambaa pale Illiers, Jules Amiot, na kweli Élisabeth naye uzeeni alikuwa mtu wa kujifungia ndani.

Sasa kwa Kifaransa tante ni tante, awe wa baba awe wa mama, na unaweza kusoma kurasa 200 bila kujiuliza huyu anaingiaje kwenye ukoo. Kiswahili hakikuachii, ukitaka kutafsiri lazima uamue hapo hapo: shangazi? mama mdogo? mama mkubwa? Élisabeth wa kweli hana utata, ni shangazi. Ila Léonie wa kwenye kitabu ni mtoto wa binamu yake babu, na huyo babu ukifuatilia juzuu zinazofuata ni babu wa upande wa mama. Kwa hiyo siyo shangazi! Ni kama mama mkubwa wa ukoo. Maana yake Proust kachukua kijiji cha baba yake akakihamishia ukoo wa mama, na huku juu yake familia nzima kaifanya Wakatoliki watupu, wakati mama yake na bibi yake wa kweli walikuwa Wayahudi ambao hapo Illiers hawakuwa na hata kaburi. (Na hata yeye anajichanganya, mwanzoni kuna sentensi inayomuonyesha bibi kama mtu aliyeingia ukoo wa baba. Mtu anayeandika usiku kwa miaka 14 acha ajichanganye kidogo.)

Aliyefutwa kabisa ni mdogo wake. Marcel alikuwa na mdogo wake wa kiume, Robert, wamepishana miaka miwili, naye baadaye akawa daktari, na likizo za Illiers walikuwa wote. Kwenye Combray hayupo. Msimulizi ni mtoto wa pekee, anangoja peke yake chumbani mama apande ngazi kuja kumbusu kabla hajalala, na usiku akija mgeni mama hapandi, na hiyo ndo huzuni inayobeba mwanzo wote wa kitabu. Watafiti wengi wanaona hata hiyo stori ya busu ina mizizi zaidi Auteuil kuliko Illiers, kwenye ile nyumba yenye bustani ya Louis Weil, yule baba mdogo wa mama yake, ambako wageni wa Paris walikuwa wanakuja jioni kula. Nyumba ya Auteuil ilibomolewa barabara ilipopita. Kwa hiyo bustani ya Combray ni bustani mbili zimeshonwa pamoja, moja ipo unaweza kuilipia kiingilio, nyingine iko chini ya lami.

Sasa twende kwenye kikeki, maana bila kikeki hakuna mtu angepanda hiyo treni. Stori yenyewe wengi wameisikia hata kama hawajasoma kitabu: mtu mzima, siku ya baridi, Paris, kachoka, mama yake anampa chai na kikeki kinachoitwa madeleine. Ukisikia keki usifikirie keki ya bethdei, ni kitu kidogo cha kushika kwa vidole, upande mmoja kina mifereji mifereji kama kombe la baharini. Anachovya, anaweka mdomoni, na ghafla anapata raha kubwa ambayo haelewi imetoka wapi. Anajaribu tena. Mara ya pili hapati zaidi, ya tatu inapungua. Anagundua kitu hakipo kwenye kikombe, kipo kwake. Anahangaika kweli, halafu inakuja: Jumapili asubuhi Combray, kabla ya misa, alikuwa anaingia chumbani kwa tante Léonie kumsalimia na yeye anamkatia kipande cha madeleine kilichochovywa kwenye kinywaji chake, na hicho kinywaji kilikuwa chai ya kawaida au maua ya mti wa tilleul yaliyokaushwa. Na hapo nyumba, bustani, mtaa, kanisa, mto, vyote vinainuka kutoka kwenye kikombe.

Watu wanafika Illiers wanauliza bekari ipi Léonie alikuwa ananunua madeleine zake. Na bekari zina madeleine, mtu afanye nini, biashara ni biashara. Shida ni kwamba kwenye rasimu za kwanza madeleine haikuwepo. Kwenye maandishi ya kama 1908 na 1909 ilikuwa ni tosti. Mkate wa kuchoma! Anayempa chai ni mpishi mzee, na kumbukumbu inayorudi ni ya babu yake, siyo tante yeyote, na huko utotoni kilichochovywa ni ule mkate mkavu wa kukaushwa. Madeleine imekuja baadaye, kwa kuchagua, kama fundi anavyojaribu kitasa hiki na kile mpaka kimoja kinakaa. Na ukiangalia kwa nini kimekaa, hapo Illiers inarudi kwa mlango wa nyuma: kanisa la Illiers ni la Mtakatifu Yakobo, Saint-Jacques, na alama ya mahujaji wa Mtakatifu Yakobo wanaokwenda mpaka Santiago kule Hispania ni kombe la baharini. Proust mwenyewe kwenye sentensi ya madeleine anasema inaonekana kama imefinyangwa ndani ya kombe la Saint-Jacques. Kwa hiyo kikeki chenyewe huenda hakikuliwa Illiers, lakini umbo lake limebeba kanisa la Illiers. Hapo mimi navua kofia.

Kanisa lenyewe kwenye kitabu halina jina la Yakobo, linaitwa Saint-Hilaire, na ni kubwa kuliko la kweli. Lina vioo vya rangi vya ajabu, lina mazulia ya ukutani yenye hadithi ya Esta, lina makaburi ya watawala wa zamani. Ukiingia Saint-Jacques ya Illiers unakuta kanisa zuri la kijijini lenye dari ya mbao iliyochorwa, na hivyo vingine huvioni. Kavikusanya huku na kule, kwenye makanisa aliyoyatembelea na kuyasomea. Kilichobaki kama kilivyo ni mnara unavyoonekana ukiwa kwenye treni, wiki ya kabla ya Pasaka: kwa mbali mji wote ni kanisa tu, nyumba zimejikusanya miguuni kama kondoo na mchungaji.

Halafu kuna zile njia mbili. Nyumba ya Combray ina milango miwili na kila mlango una matembezi yake. Ukitokea huu unakwenda upande wa Méséglise, ambao pia unaitwa upande wa kwa Swann, jirani na rafiki wa familia, kwa sababu unapita nyumbani kwa huyo bwana, huko ni tambarare, ngano, upepo, na mvua za ghafla. Ukitokea ule unakwenda upande wa Guermantes, ni njia ndefu, kando ya mto wenye maua ya yungiyungi, na lazima hali ya hewa iwe ya uhakika. Kwa mtoto hizi ni dunia mbili, haiingii akilini mtu aende zote siku moja. Miaka mingi baadaye, ameshazeeka moyo, rafiki yake Gilberte anamwambia kirahisi tu kwamba ukitaka kwenda Guermantes njia nzuri ni kupitia Méséglise. Yaani zilikuwa zinakutana muda wote! Msomaji aliyefika hapo baada ya maelfu ya kurasa anaweka kitabu chini kidogo.

Kwenye ardhi ya kweli hiyo ina msingi, maana Illiers imekaa mpakani, upande mmoja ni Beauce, tambarare ya ngano inayolisha Paris, upande mwingine ni Perche, vilima, uzio wa miti na tufaha. Majina nayo kayachezea kidogo kidogo: kijiji cha jirani ni Méréglise, kabadilisha herufi moja kikawa Méséglise. Tansonville ipo kweli, kaiacha na jina lake akampa Swann. Guermantes ipo pia, ila iko mashariki ya Paris, mbali kabisa, jina alilipenda sauti yake na mwaka 1909 aliandika barua kumuuliza rafiki yake kama familia yenye hilo jina imekwisha ili mwandishi alichukue. Na mto, hapa watu wanapotea sana, mto wa Illiers ni Loir, siyo Loire. Loire ni ule mkubwa wenye majumba ya wafalme. Loir ni kamto katulivu kanakoanzia jirani pale Saint-Éman, kwenye riwaya kanaitwa Vivonne, na mtoto anaota chanzo chake kuwa kama lango la kuzimu, siku anapopelekwa anakuta kasehemu kama ka kufulia nguo, maji yanapiga mapovu. Bustani ya mto huo iko bado, Pré Catelan, aliitengeneza Jules Amiot mume wa Élisabeth, na ukipanda juu unafika kwenye njia ya zile aubépine.

Mpaka hapo unaweza kusema sawa, kachanganya viungo ila sufuria ni Illiers. Ndo nikuletee lile fundo la makusudi. Toleo la 1913 Combray iko maeneo ya Chartres, kama Illiers. Mwaka 1914 vita vikaanza, uchapishaji ukasimama, Proust akaendelea kuandika na kitabu kikavimba, na kitabu kilipotoka upya 1919 kwa mchapishaji mwingine Combray imehama. Chartres imefutwa pale ilipotajwa, sasa kijiji kiko upande wa Reims na Laon, kaskazini mashariki, kilomita kibao kutoka pale. Kwa nini? Kwa sababu huko ndo mstari wa vita ulipita, na alitaka vita ikikute kijiji cha utotoni. Juzuu ya mwisho Gilberte anaandika barua kusimulia kwamba vita ya Méséglise ilidumu zaidi ya miezi minane, Wajerumani wamepoteza zaidi ya watu laki sita pale, na lile shamba la ngano ambako ile njia ndogo ya aubépine inaishia ndo kilima kilichogombaniwa kinachotajwa kwenye taarifa za jeshi. Kanisa la Combray limebomolewa, tena na Wafaransa na Waingereza wenyewe, kwa sababu Wajerumani walikuwa wanautumia mnara kuangalia.

Illiers wakati huo? Vita haikufika. Mnara upo mpaka leo. Yaani mwandishi mwenyewe alishakata kamba, aliking'oa kijiji chake akakipeleka kwingine kikapigwe mabomu, na baada ya nusu karne Illiers wanasema hapana, sisi ndo Combray. Siwacheki. Kijiji kingine kingefanya hivyo hivyo, wakulima wanapungua kila mwaka, kila penye jina pana wageni.

Na Proust mapema tu alishaliona hilo la watu kusafiri kufuata kitabu, kwa sababu lilikuwa lake. Mwaka 1900 alikwenda Venice kwa sababu ya vitabu vya John Ruskin, Mwingereza aliyeandika kuhusu sanaa, akaenda na Amiens kwa sababu hiyo hiyo, baadaye akamtafsiri. Kwenye makala yake ya 1905 kuhusu kusoma anasema tunatamani kwenda kuliona shamba ambalo mchoraji Millet katuonyesha, wakati kilicholifanya liwe zuri siyo shamba, ni jicho lililopita pale siku ile, shamba la jirani lingefaa pia. Kwa hiyo ukienda Illiers ujue unafanya kosa ambalo mwenyeji wako alilifanya kwanza.

Ila nisije nikaonekana nasema Illiers haikumgusa. Kuna barua yake ya Julai 1903, baba yake alikuwa amealikwa Illiers kugawa zawadi shuleni, na Marcel analalamika kwa rafiki yake kwamba kwa siasa za wakati ule za serikali na kanisa padri haalikwi tena kwenye sherehe kama hizo. Anamkumbuka padri mzee wa pale aliyemfundisha Kilatini na majina ya maua ya bustanini kwake. Hiyo haina tosti wala rasimu, ni mtu wa miaka 32 anamtetea padri wa kijijini kwao baba yake. Baba alifariki miezi minne baadaye.

Na kuna ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1912 na mwanzoni mwa 1913 wachapishaji walikikataa kitabu, mmoja akasema haelewi inakuwaje mtu atumie kurasa 30 kueleza anavyojigeuza kitandani kabla hajapata usingizi, na mwandishi André Gide, aliyekuwa kwa mmoja wa wachapishaji hao na ambaye baadaye alimuomba radhi Proust, alikumbuka kwamba kilichomkwaza ni sentensi moja kuhusu paji la uso la tante Léonie, ambalo ati mifupa yake ilionekana kama ya uti wa mgongo. Ni sentensi ya ajabu kweli, lakini ni sentensi ya mtoto aliyeinama kumbusu mtu mzee, uso kwa uso, asubuhi nywele hazijachanwa. Hilo huwezi kulitoa Reims. Kuna paji la uso la mtu fulani pale.

Nyumba ya akina Amiot sasa ni makumbusho, chama cha marafiki wa Proust na wa Combray kilianzishwa 1947 na ndo kimeibeba kazi hiyo. Cha kuchekesha ni jinsi nyumba inavyofuata kitabu badala ya kitabu kufuata nyumba. Chumba cha Élisabeth ni chumba cha Léonie, meza ya dawa iko pembeni ya kitanda, chai na madeleine vimewekwa. Chumba cha mtoto kina taa ya kurushia picha ukutani, kama ile ya kwenye riwaya, yenye hadithi ya kale ya Golo na Geneviève de Brabant. Na bustanini kuna lango lenye kengele. Kwenye riwaya sauti ya lango inakuambia nani kaja: mtu wa nyumbani anasukuma tu bila kugonga na kengele inapiga kelele za chuma, mgeni anavuta na inatoa milio miwili midogo ya aibu aibu. Milio miwili, basi kila mtu mezani anajua ni Swann, na mtoto anajua usiku huu mama hapandi ngazi. Sasa hivi kila anayeingia ni mgeni aliyelipa tiketi.

Mtaa wa nyumba hiyo zamani uliitwa rue du Saint-Esprit, na Proust jina hilo alilipenda akaliweka kwenye Combray, ndo mtaa ambao mlango mdogo wa bustani ya Léonie unafungukia. Huko Illiers waliubadili, siku hizi ni rue du Docteur Proust, kwa heshima ya baba, yule kijana wa duka la mishumaa aliyekwenda Uajemi kufuata kipindupindu. Kwa hiyo anwani kamili ni hiyo: nyumba ya mama ambaye hajawahi kuwepo, namba 4, mtaa wa daktari aliyezaliwa pale pale.